Sahani Chini ya Meza

Jirani yetu kule Kagoma alikuwa na mbuzi aliyekula nguo. Sisemi kutafuna, nasema kula. Alikula leso ya katekista, akala taulo ya mgeni aliyekuja msibani, halafu siku moja akala shati langu la Jumapili. Alianzia mkono wa kushoto, akaacha kola na vifungo, kama mtu anavyoacha mifupa pembeni. Nililia mpaka jirani akatoka na fimbo. Na huyo jirani, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kupiga filimbi, ila nikianza habari ya filimbi hatutamaliza.

Nimemkumbuka mbuzi yule Jumapili iliyopita, nikiwa Bukoba na wajukuu. Wamenipeleka mgahawa mmoja karibu na ziwa. Siku hizi watoto ndio wanaompeleka mzee kula, na ndio wanaomwambia mhudumu lete hiki, toa kile, pilipili usiweke. Mjukuu wa kike akanisogezea mshikaki.

"Babu, onja, huu ni wa moyo. Mlaini, hata meno yako yanauweza!"

Nikavuta kiti nyuma. Wakauliza mbona. Nikasema ni kwa sababu ya shati. Wakacheka, wakajua mzee amechanganyikiwa. Lakini wewe, rafiki yangu, kaa kidogo. Shati na moyo vinakutana.

Shati lilipoliwa, aliyesema ataninunulia jingine alikuwa mchuuzi wa samaki. Alikuwa anatoka visiwani na kapu lake la sato wa kukaushwa, anapita nyumba kwa nyumba, lakini kwetu alikuwa hapiti, anakaa. Kila mtu alijua anakaa kwa ajili ya shangazi, dada yake baba. Shangazi naye akimsikia kwenye migomba anaanza kufagia ua uliokwisha kufagiwa. Alikuwa hajaleta posa, bado anatuzoeazoea. Nasi tulimtaka kupita kiasi! Mimi, dada yangu, na mdogo wetu ambaye meno ya mbele yalikuwa hayajarudi. Tulikuwa tunaomba usiku, baada ya sala za kawaida, awe mume wa shangazi.

Basi akamwambia Bibi anatupeleka Bukoba kununua shati, na tutakula hotelini. Hotelini! Bibi alikuwa haamini chakula cha kupikiwa na mtu usiyemjua. Akatufungia ndizi kwenye jani la mgomba, zikiwa bado moto, akasema hicho kingine mtaonja tu.

Tulipanda juu ya lori la kahawa. Upepo, vumbi, harufu ya magunia, dada yangu anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kutisha ndege. Shati likanunuliwa, la bluu, nikalivaa palepale dukani. Halafu tukaingia hoteli moja ya Miembeni. Meza zilikuwa na vitambaa vya plastiki vyenye maua, redio inaunguruma, chapati zinanukia mpaka barabarani. Mhudumu akaja mbio, akavimwaga vyakula vyote kwa pumzi moja: "Wali-maharage-wali-samaki-ndizi-nyama-supu-chapati!"

Mdogo wetu akasema, "Ndiyo."

"Ndiyo ipi, bosi?"

"Yote."

Mchuuzi alicheka akajipigapiga magoti. Sahani zikaja. Sasa sisi nyumbani tulikuwa tunakula chini, juu ya nyasi safi, jani katikati, na mtoto anayekula amekaa juu anachapwa. Kwa hiyo hatukuulizana. Tukachukua sahani zetu na furushi la Bibi, tukaingia chini ya meza, tukakunja miguu. Hoteli nzima ikaangua kicheko. Mhudumu akainama, "Jamani, huko wanakaa paka!"

Unajua mchuuzi alifanya nini? Alishusha sahani yake, akaingia na yeye. Mtu mzima, magoti yamegusa masikio! Akafungua jani la Bibi akaanza na ndizi, akasema hizi ndizo chakula, hayo mengine ni ya kusindikiza. Nilimpenda pale kuliko nilivyolipenda shati.

Mhudumu akatuletea kibakuli cha nyongeza, cha bure kwa ajili ya watoto wa chini ya meza. Vipande vya moyo wa ng'ombe, vina mchuzi mzito. Tukarudisha mikono nyuma sote watatu. Moyo ndio muziro wetu, yaani kitu ambacho ukoo wetu haukili tangu enzi. Tukaangalia. Na mkono wa mchuuzi nao umerudi nyuma.

"Hata wewe?" dada yangu akauliza.

"Baba alinikataza. Alikufa nikiwa kama huyu kibogoyo wenu. Hilo tu ndilo neno lake ninalolikumbuka."

Hoteli ile nimeitafuta Jumapili, sikuiona. Pale wanabandika vioo vya simu. Wala nyumbani hakuna tena anayekula kwenye nyasi, na wajukuu zangu nikiwatajia muziro wananiuliza unauzwa wapi.

Tulirudi jua likiwa limelala kwenye migomba. Tukaingia uani kwa kelele, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza.

"Bibi, ni kama sisi kabisa! Amekula chini! Na moyo hali, Bibi, hata yeye hali!"

Shangazi alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

Bibi akamgeukia mchuuzi aliyekuwa anatua kapu. "Nani alikukataza moyo?"

"Baba yangu, mama."

"Wa ukoo gani?"

"Sikuwahi kuambiwa, waitu," akajibu kwa neno letu la heshima. " Nimekulia visiwani, kule tunaitana kwa majina ya mitumbwi."

Bibi akainuka polepole, akamshika mikono yote miwili. "Basi karibu nyumbani, mwanangu. Muziro mmoja ni damu moja, haioani. Huyu hapa ni dada yako."

Tuliruka! Kama ni kaka yake shangazi, basi ni ndugu yake baba, ni wetu moja kwa moja, hahitaji hata harusi! Mdogo wetu akauliza kama kesho tunarudi hotelini. Shangazi akaendelea kumenya ndizi ileile, maganda yamekwisha, sasa anamenya nyama ya ndizi.

Mchuuzi aliweka samaki mbele ya shangazi, akanawa mikono, akamwambia Bibi asante. Halafu akapita kwenye migomba kuelekea barabarani. Sisi tukamkimbilia hadi mwisho wa shamba, shati langu la bluu limejaa upepo, tunapiga kelele, "Baba mdogo! Baba mdogo!"

Hakugeuka, na hakurudi tena.