Kitabu cha Mama Ndani ya Bidon ya Maharagi

Nyumba yangu ya Butembo ina kuta za matofali ya kuchoma, sakafu ya simenti na dari nyeupe. Naanza na hilo ili ieleweke kwamba nilikuwa na kitu cha kulinda. Nilizaliwa upande wa Kalunguta, katika nyumba ya udongo ambamo kunguni walikuwa wenyeji kutuzidi sisi. Walikaa katika mafundo ya mianzi ya kitanda, na maji ya moto hayakuwashinda. Nikiwa na miaka kumi na miwili, kunguni mmoja alitoka kwenye kola ya shati langu akatembea juu ya daftari, darasa zima likimtazama. Waliniita Kitanda mpaka mwisho wa mwaka.

Hapo ndipo nilipoapa. Nilikwenda Kampala, nikabeba magunia mchana, nikasoma jioni, nikarudi na diploma ya agronomia ambayo hakuna mjomba wala padri aliyenisaidia kuipata. Iko sebuleni, ndani ya kioo. Mgeni akikaa kiti chochote anaiona. Viti nilivipanga mwenyewe.

Kazi yangu iko Beni, kwenye bohari la kakao, ambako mimi ndiye ninayepasua mbegu na kusema kama zimekauka. Ninakwenda Jumatatu na kurudi Butembo Jumamosi. Beni kuna maktaba ndogo ya vyumba viwili, inayotunzwa na mwalimu mstaafu, Mwislamu mwenye kofia safi na macho makali. Sisi wasomaji tunamwita Mwalimu tu. Alishaniambia mara mbili kwamba hana msomaji kama mimi, na sikumbishia.

Lakini kitabu ninachosimulia hakikuwa changu. Kilikuwa cha mama yangu, anayekaa nasi Butembo. Alijifunza kusoma akiwa amepita miaka sitini, katika darasa la parokia. Anasoma kwa kidole na kwa midomo, na ukurasa mmoja unamchukua muda wa chungu cha viazi kuiva. Nilikuwa nimemletea vijitabu vyembamba, akaviacha katikati. Kisha nikamletea kinene, hadithi ya mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu za mume wake. Hicho hakukiacha. Kwa mara ya kwanza maishani mama alikuwa anakaribia kumaliza kitabu. Zilibaki kurasa kumi na mbili.

Nilikipeleka Beni kigongwe muhuri wa kuongezewa muda. Mwalimu aligonga, akasema ni mara ya mwisho: Jumatatu inayofuata kirudi, kuna mtu anakingoja. Kikakaa juma zima katika mkoba wangu pale bohari, nikakirudisha Butembo Jumamosi. Mama alikuwa na siku mbili.

Mke wangu ndiye aliyekifungua ili amtafutie mama mahali alipofikia. Akakiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Papa ya batoto, kuya uone."

Katikati ya karatasi kulikuwa na kitu kidogo, bapa, cha rangi ya kahawia, kimegandamana na ukurasa. Nilikitazama kwa umbali wa mkono mmoja. Shingo yangu ilianza kuwasha, pale pale kwenye kola.

"Ni kunguni," nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye diploma.

"Basi ile kitabu hapana lala mu iyi nyumba. Batu banasomaka mu kitanda, kisha banatutumia bunyama yabo."

Mama aliinua miwani. "Na mama mujane? Shamba yake je?"

"Mama, mujane atalala inje," mke wangu alisema.

Niliwatuliza wote wawili. Nikaeleza kwamba joto huua kunguni na mayai yake, na kwamba kitabu kikifungwa katika mfuko mweusi na kuwekwa juu ya mabati, jua litamaliza kazi. Nilieleza vizuri sana. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama nje.

"Lakini jua iko wapi?"

Wanaoijua Butembo wanajua jibu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya vilima kama haujui njia ya kutoka. Jumamosi mpaka jioni mfuko ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Jumapili tulipotoka misa ulikuwa umelowa umande, na mama alikuwa ameketi kwenye ngazi, miwani puani, mikono mitupu, akiangalia juu. Nilimwambia asubiri kidogo. Mchana mfuko haukuwa tena juu ya mabati.

"Kitabu niliiweka fasi ya muzuri," mama alisema, na sikuweza kumtoa neno lingine.

Jumatatu asubuhi alinipa kitabu kimefungwa katika kipande cha kitenge. "Sasa haina kitu. Ambia Mwalimu anipe juma moja. Hapana fungua mu njia."

Sikufungua. Alifungua Mwalimu, juu ya meza yake, mbele ya wasomaji wawili. Wakatoka fukusi, vile vidudu vya mviringo vinavyotoboa maharagi. Mmoja, watatu, kisha sikuhesabu tena. Walitawanyika juu ya daftari lake la majina bila haraka.

"Agronome!" Mwalimu alisema. "Tulikupatia kitabu, weye unatuletea shamba?"

Wasomaji walicheka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tena. Nikaanza kujitetea: kwamba maktaba ndiyo iliyotangulia kutuletea kunguni, kwamba ushahidi ungali ndani. Nikamwonyesha ukurasa. Mwalimu alikibandua kile kitu kwa ukucha, akakinusa, akakileta chini ya pua yangu.

"Nusa."

Nilinusa. Ilikuwa ngozi ya mbegu ya kakao. Napasua mbegu hizo kila siku ya kazi, na ngozi zake zinajaa katika mifuko yangu, viatu vyangu na, bila shaka, mkoba wangu. Mwalimu alicheka mpaka kofia ikalala upande, na mwisho nami nikacheka, kwa sababu shingo ilikuwa imeacha kuwasha.

Nilimpigia mama simu. "Mama, kitabu ulikiweka wapi?"

"Mu bidon ya maharagi. Njo fasi karatasi inachungwaka."

Hapo nikakumbuka. Kwetu Kalunguta mama alihifadhi maharagi ya mbegu katika chungu, amechanganya na majivu, na humo humo alificha kila karatasi ya maana, maana ndani ya majivu hakuna mdudu anayekaa. Kadi yangu ya ubatizo ilikaa humo. Cheti changu cha shule ya msingi pia. Nilipokwenda kujiandikisha sekondari kilinukia moshi wa jikoni.

"Na majivu, mama?"

"Weye uliondosha majivu."

Ni kweli. Niliporudi kutoka Kampala nilimnunulia bidon ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, nikamwambia majivu ni mambo ya zamani: bidon ikijaa na kufungwa, wadudu hukosa hewa. Sayansi hiyo ni sahihi, naitetea hata leo. Ila kwetu bidon inafunguliwa kila siku ili kupika, na maharagi yale tuliyonunua Musienene yalikuwa yameingia na wageni wao.

Mwalimu alikitia kitabu katika sanduku la bati. Kitakaa humo majuma mawili mpaka fukusi wafe, alisema, kisha kitakwenda kwa anayekingoja. Nikamweleza habari za mama. Safari hii sikujitaja. Aliuliza zimebaki kurasa ngapi, nikamwambia. Akafikiri.

"Kitabu hapana toka. Lakini mama anaweza kuingia."

Alhamisi mama alishuka Beni na kitenge chake cha misa. Mwalimu alimwekea kiti barazani, kwenye jua kali la Beni ambalo Butembo tunalisikia tu, akakikung'uta kitabu mara tatu na kumpa kwa mikono miwili. "Karibu, mama."

Alisoma kwa sauti, kidole kikitembea. Ndani wasomaji walifunga vitabu vyao wamsikilize. Nami, niliyeomba ruhusa kazini, nilisimama karibu na mlango. Kurasa kumi na mbili zilichukua karibu asubuhi nzima. Fukusi mmoja alitoka kwenye mshono, mama akampuliza bila kupoteza mstari.

Alipofunga kitabu, Mwalimu, aliyekijua vizuri, alimwuliza, "Shamba aliipata?"

"Nusu."

"Na nusu ingine?"

"Hapana andikwa. Miye ningeandika."

Mwalimu alimtengenezea kadi yake mwenyewe, na mama akaandika jina lake kwa mkono wake, herufi kubwa zilizopanda mlima. Akachagua kitabu kingine, kinene kuliko kile. Nilifungua mkoba ili nikibebe.

"Hapana, papa. Weye utaiweka mu kakao." Akakifunga katika kitenge. "Weye tafuta majivu."

Jumamosi nilichekecha majivu nyuma ya nyumba, nikayachanganya na maharagi kwa mikono yangu. Mke wangu alikuwa amekikung'uta kitabu mlangoni kabla ya kukiruhusu kuingia, na mama alikuwa sebuleni, chini ya diploma, ukurasa wa tatu. Yalikuwa majivu laini sana. Sidhani kama kuna nyumba nyingine Butembo yenye majivu kama yale.