Kamba ya Shemeji

Nilikuwa dereva wa ng'ombe. Siku hizi ukisema dereva watu wanafikiria gari, lakini miaka ile ya arobaini, matrekta yakiwa bado ya kuhesabika upande wa Kitale, dereva wa ng'ombe alikuwa mtu wa maana. Ng'ombe kumi na sita mbele ya plau, na kinachowasogeza zaidi ya kiboko ni sauti. Yangu ilijulikana Saboti nzima. Mke wangu hupenda kusema kwamba alinisikia mwaka mzima kabla hajaniona, na siku aliponiona alivunjika moyo kidogo.

Mimi ni mtu wa Bokoli. Nilioa juu, kwenye miguu ya Mlima Elgon, katika boma ambalo kila kiangazi lilivuna asali ya mwambani. Si mizinga ya kutundika mtini. Ni nyuki wa porini waliokaa ndani ya nyufa za jabali refu, na ukitaka kuwafikia ni lazima ushuke kwa kamba ya ngozi kutoka juu, kienge cha moshi mkononi na mfuko begani. Pale kwao kulikuwa na sharti moja lisilojadiliwa: mtu akishuka, kamba yake haishikwi na ndugu yake wa tumbo moja. Inashikwa na shemeji yake, kaka wa mkewe. Wazee walieleza sababu bila haya. Ukifa, ndugu yako atakurithi, mke na ng'ombe. Shemeji yako atakuwa amemfanya dada yake mjane, na kumrudisha nyumbani pamoja na watoto wa kulishwa.

"Wewe mwenyewe ungechagua nani?" baba mkwe aliniuliza.

Mke wangu alikuwa na dada wawili na kaka mmoja tu, na kaka huyo alikuwa kiziwi. Homa ilimpata akiwa mdogo, ikamwachia kila kitu isipokuwa masikio, na yale maneno machache aliyokuwa amejifunza yakapotea. Nilipojitolea kushuka, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jabali lile limetokeza tumbo katikati, aliye juu hamwoni aliye chini, kwa hiyo siku zote watu walikuwa wakiitana kwa sauti. "Utamwita aje, bana?" mume wa dada mkubwa wa mke wangu aliniuliza. "Ama utamwandikia barua?"

Tukatafuta njia yetu. Yeye alikaa upande mmoja wa ghala la wimbi, mimi upande wa pili, kamba ikipita kati yetu, tukafanya mazoezi Jumapili baada ya Jumapili. Mvuto mmoja, simama. Miwili, nishushe. Mitatu, nipandishe. Kamba ikitikiswa upesi upesi, nyuki wamekasirika, fanya haraka. Hayo niliyatunga mimi, nikajiona hodari. Yeye akaongeza moja la kwake: kila baada ya muda ataisugua kamba kwa kiganja, na mtetemo ule mdogo utanifikia kiunoni, maana yake nipo. Na mimi lazima nimjibu kwa kugonga kamba kwa kidole, maana yake nami nipo. Niliona ni mchezo wa watoto. Siku niliyoshuka mara ya kwanza, jiwe likichuruzika maji mbele ya pua yangu, niligundua kwamba hilo ndilo neno nililolihitaji kuliko yote manne ya kwangu.

Kamba aliipitisha begani, ikalala juu ya mfupa wa shingo, akafumba macho. Nikipanda juu, ananieleza kwa mikono mahali nilipoteleza, mahali nilipopumzika, na mahali niliposimama kula asali kabla ya kuitia mfukoni. Hakukosea hata mara moja. Kila mtu alikuwa na jina lake katika mikono yake. Baba yake alikuwa ndevu zinazovutwa, mke wangu alikuwa pengo la jino. Mimi nilikuwa vidole vinavyofunguka na kufungika mbele ya mdomo, kama bata. Wote waliona ni jina zuri sana isipokuwa mimi.

Lazima nieleze kamba ile ilikuwa nini kwake. Kabla yake watu walimwita bubu, hata watoto. Kwenye vikao aliketi mwisho wa benchi, na hakuna aliyemgeukia. Kanisani walimweka karibu na mlango kwa sababu haimbi. Kwenye mashamba ya wazungu nyapara alimtazama mara moja tu akampungia mkono aende. Lakini baada ya kiangazi cha pili waume wa dada zake wengine, mmoja wao akitoka mbali, Lwakhakha, walikuja wenyewe kuomba awashikie. Kamba ilitundikwa kwenye kigingi juu ya kitanda chake, na hakuna mtu mwingine aliyeigusa. Alianza kutembea kwa namna nyingine, kifua mbele. Katika dunia nzima, hicho ndicho kitu pekee ambacho watu walimjia yeye kukitafuta.

Kiangazi cha tatu tulipanda asubuhi, jua likiwa bado halijakolea. Alinifunga fundo kiunoni mwenyewe, maana fundo ni kazi ya mshika kamba, yeye hulifunga na yeye hulifungua. Nikashuka mpaka kwenye ubapa wa jiwe wenye upana wa kitanda, nikafukiza moshi, nikakata masega mawili mazuri. Kisha nikaona, ndani zaidi, nyuma ya kona ya mwamba, masega meupe mapya, marefu kama mkono wangu. Kamba isingeweza kupinda kona ile bila kusagwa na ncha ya jiwe. Mtu mwenye akili angeyaacha.

Nilifungua fundo. Nikaitundika ncha ya kamba kwenye kijiwe kilichochomoza, nikatambaa kwa tumbo kuelekea kwenye kona. Hatukuwa na mvuto wa kumwambia kwamba nimejifungua, kwa sababu haikutupitia akilini kwamba kuna mjinga wa kufanya hivyo.

Nyuki walinivamia usoni wote kwa pamoja. Nilirudi kinyumenyume, macho nusu yamefumba, na kisigino changu kikaipiga kamba ikatoka kwenye kijiwe. Niliiona ikienda hewani, ikarudi, ikaenda tena, kila mara mbali kidogo kuliko mkono wangu.

Kule juu, kama alivyonionyesha baadaye, alisugua kamba, asipate jibu. Akasugua tena. Akaivuta kidogo, akakuta haina mtu. Akaipandisha haraka, mkono juu ya mkono, na kilichofika juu kilikuwa ncha tupu, bila hata alama ya fundo.

Mimi nikaanza kupiga kelele. Nilimwita kwa sauti ile ile iliyosogeza ng'ombe kumi na sita. Nilijua hasikii, nilijua kuliko mtu yeyote, na bado niliita, nikaita, mpaka koo likauma. Ndipo nikamwona. Alikuwa ameshuka mbio kwa njia ya pembeni, sasa yuko chini kabisa, kwenye vichaka vya miguuni mwa jabali, chini yangu wima. Alikuwa akitafuta maiti yangu. Alipasua kichaka kwa mikono miwili, akachungulia, akaenda kingine. Alikuwa akilia kwa sauti ile yake isiyo na maneno, nami nilimsikia vizuri sana. Yeye hakunisikia. Nimezika watu wangu tangu siku ile, lakini sijaona tena kitu kilichonichoma hivyo, kumtazama mtu anakulilia na wewe uko hai juu ya kichwa chake.

Hatimaye nikapata akili. Nikachukua sega nikalirusha, likapasuka juu ya jiwe karibu na mguu wake. Alilitazama kwa muda. Kisha akainua uso. Nikapunga mikono yote miwili. Akaketi chini ghafla, palepale kwenye miiba, halafu akainuka na kukimbia kupanda.

Lakini baba mkwe na yule mume wa dada mkubwa, waliokuwa wakingoja kubeba asali, walikuwa wamesikia kelele zangu wakafika juu kabla yake. Walikuta kamba imelala chini na mshika kamba hayupo. Kwa watu wa jabali lile hakuna kosa linalozidi hilo. Alipotokea akihema walimsukuma kando, wakateremsha kamba wenyewe, wakaiyumbisha mpaka ikanifikia, wakanivuta.

"Nini ilitokea huko?" mzee aliniuliza.

Midomo yangu ilikuwa imevimba kama viazi. Nilisema, "Alivuta kamba. Nikiwa bado chini, akavuta."

Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Niliogopa. Niliogopa kuitwa mpumbavu, mimi mwenye sauti, mimi niliyetunga mivuto mitatu. Mzee akaikunja kamba akaitia begani mwake.

Shemeji yangu hakumtazama baba yake. Alinijia mimi. Alinionyesha kiuno changu, akafunga fundo hewani, fundo likaachia lenyewe, akajigusa kifua. Alikuwa akiniuliza: ni fundo langu lililofunguka?

Nikatikisa kichwa kukubali.

Midomo ilipona siku ya tatu. Mimi nilirudi shambani, maana majani yalikuwa yakifyekwa na mvua haikuwa mbali. Tulipokwenda kuwasalimia wakwe Jumapili tulimkuta shemeji nyuma ya nyumba na kipande cha kamba, anafunga fundo kwenye nguzo ya zizi, anaegemea kwa uzito wake wote, halifunguki. Analifungua, analifunga tena, anaegemea tena. Analikagua kwa karibu. Jumapili iliyofuata alikuwa palepale, na nguzo ilikuwa imeanza kuliwa na kamba. Mume wa dada yao wa Lwakhakha alikuja kutaka kushikiwa, akaambiwa atafute mtu mwingine. Watu walianza tena kumwita bubu.

Tukiwa njiani kurudi, mke wangu alisimama katikati ya barabara.

"Fundo ya kaka yangu haijawahi kufunguka, hata siku moja," alisema. "Ati siku hiyo ndiyo ikafunguka? Niambie."

Nikamwambia. Nilitegemea kelele, kelele nazifahamu. Tulipofika nyumbani alipika, akanipakulia, akasema tu kwamba Jumapili ijayo tutapanda mapema.

Tulipofika nilivua kofia, nikamwomba baba mkwe ruhusa ya kusema. Nikasema, na nilisema vizuri, siku zote nimesema vizuri. Niliwaweka nyuki humo, na ncha ya jiwe, na uchungu, na jinsi mtu aliyeumwa usoni hawezi kufikiri sawasawa, na midomo iliyovimba. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Midomo inavimba wiki tatu?" aliuliza.

Shemeji yangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, akitutazama mdomoni kwa zamu bila kuambulia kitu. Mke wangu alimwonyesha kwa kidevu. "Si baba peke yake ulidanganya," aliniambia. "Mwambie yeye."

Nikaenda nikasimama mbele yake. Nilitafuta mikononi mwangu mahali pa kuanzia na nyuki, lakini hakuna. Nilitafuta neno la sikukusudia. Hatukuwa nalo. Nilitafuta neno la lakini, na hilo nalo halikuwapo. Miaka mitatu tulikuwa tumeongea kwa kamba na kwa vidole, na sikuwahi kutambua kwamba katika lugha yetu hapakuwa na mahali pa kujificha.

Nikajigusa kifua. Nikafungua fundo kiunoni mwangu, polepole, kwa vidole vyangu mwenyewe, aone ni vya nani. Nikaitundika kamba kwenye jiwe. Nikaipiga kwa kisigino. Kisha nikafunga fundo lake hewani, nikalivuta, nikaliegemea, nikalivuta tena, nikamwonyesha kwamba halikufunguka. Mwisho nikaonyesha kichwa changu kilivyotikisika siku ile, na nikapinda pembe ya mdomo kwa kidole, kama afanyavyo yeye akimtaja mwongo. Hayo tu. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa maishani.

Alinirudisha kwenye fundo. Nikamwonyesha tena kwamba halikufunguka. Akanirudisha tena, nikamwonyesha tena, na machozi yalikuwa yananitoka, sikuona aibu.

Akasimama, akanipiga kofi. Kofi moja, la mkono wa mtu aliyevuta kamba miaka mitatu, na masikio yangu yakalia mvumo mtupu. Pale kwao shemeji hampigi shemeji, ni jambo la kuitisha kikao. Baba mkwe aligeuza uso akawatazama ndama kwa makini sana.

Kisha yule kiziwi akamgeukia baba yake, akanyoosha mkono, kiganja wazi, akangoja. Mzee akaingia ndani kuitafuta kamba.