Milioni Moja na Moja

Teodora alikuwa amekaa ukumbini Mbinga, siku ambayo mdogo wake Xaveri aliagwa baada ya kustaafu ualimu. Mkuu wa shule alisimama akasimulia jinsi Xaveri, akiwa bado mtoto kule Litembo, alivyogundua kwamba milioni moja na moja si namba tasa, ingawa mbili, tatu, saba na nyingine ndogo zote haziigawi. Inagawanyika kwa mia moja na moja, na jibu ni elfu tisa mia tisa na moja. Watu wakapiga makofi.

Teodora naye alipiga. Namba hiyo aliigawa yeye, kwa kijiti, kwenye vumbi kando ya vichanja vya kahawa, kisha akamwonyesha mdogo wake. Mwaka uleule baba yao aliamua kwamba wa kiume ndiye aende sekondari, yeye abaki shambani na mibuni.

Shughuli ilipokwisha, Xaveri alimfuata nje.

“Dada, usikasirike. Hata ningewaambia ni wewe, ingekusaidia nini?”

“Isingenisaidia chochote,” alisema Teodora. “Ila ingekuwa yangu.”

Akapanda bodaboda kurudi Litembo bila kumuaga.