Kijiko cha Wageni

Hapa Butembo, tunapokaa kwa watu tangu tulipokimbia kwetu, jirani ameanika magome ya kinkina, mti wa kwinini, juu ya turubai, na harufu yake inaingia mpaka jikoni. Nimechoka, lakini harufu hiyo inanirudisha kwenye mlango wetu wa zamani, baba akigonga kijiko juu ya jiwe.

Kilikuwa kijiko kizito cha wageni, mama alikuja nacho alipoolewa. Baba alikigonga kikawa bapa, akakinoa ncha, maana kisu kinakatakata gome, lakini kijiko kinalibandua zima.

"Baba ya batoto, ile ni ya bageni," mama alisema, angali na jembe begani.

"Bageni bako wapi?" baba alijibu bila kuinua kichwa.

Msimu mzima kijiko kikabandua kinkina, ile dawa chungu ya malaria. Halafu siku moja mjomba akafika kutoka Kanyabayonga, na vijiko havikutosha. Mama akakisugua kile kwa majivu, akakisuuza sana, akampa mjomba alie wali na maharagi.

Mjomba akaonja, akakitazama kile kijiko. Sisi watoto tulijua kwamba uchungu ule hautoki kwa majivu. Akala mpaka sahani ikaisha.

"Aksanti, dada," akasema. "Sasa malaria haitanikamata tena."

Mama akacheka, uso ameuficha katika kitenge.

Siku hizi wageni ni sisi. Mwenye nyumba ananipa kijiko chake kizuri, na kila mara nakiramba kwanza. Hakina uchungu hata kidogo.