Salamu Ndefu ya Josepha

Kufika mwaka tisini na saba, Josepha Nduwayezu alikuwa amechoka kuwaangalia wasichana wanaopita. Aliuza uji standi ya Kibondo, mjane aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa mwari na kuzeekea huku. Sufuria yake ilikaa pale malori ya maharage yanapopumzika kabla ya kushika njia ya Nyakanazi. Msichana aliyepelekwa mbali hakuwa na njia nyingine ya kupita.

Watu wa mashirika, wale waliokuja kwa ajili ya wakimbizi, walimwita kwenye semina. Walisema biashara ya watu iko dunia nzima, na mataifa yanakutana kuipinga. Josepha alisikiliza kwa heshima, akanywa soda, akasinzia. Yeye aliijua biashara hiyo kwa sura ya Jeanne, binti wa jirani yake, aliyeondoka na mtu mmoja mpole kwenda Kahama kulea watoto wa mwalimu. Jeanne alirudi mkono umeungua. Hakumwona mwalimu wala mtoto. Alifungiwa kwenye kilabu cha pombe, mchana akipika, usiku akipewa walevi. Tangu arudi alikuwa hasemi na mtu.

Mtu mpole huyo aliitwa Bazilio. Vijijini aliingia kwa salamu. Alijua kuamkia kama Waha wa zamani: kuchutama, kupiga makofi taratibu, kuulizia wagonjwa, ng'ombe, migomba. Wazee wakasema aliyelelewa hivi hawezi kuwa na ubaya, wakamkabidhi mabinti mchana kweupe. Josepha alipokwenda polisi, askari alipiga miayo. "Mama, binti kakubali, wazazi wamekubali. Nimkamate kwa kosa gani? La adabu nzuri?"

Asubuhi moja Bazilio akashuka kwenye lori na binti wa kijiji cha Muyama, Herieth, aliyebeba viatu vipya mkononi asije akavichafua.

"Mama Josepha, mpe mpwa wangu uji."

"Mpwa wako tangu lini?"

"Aa, mama nawe! Uzee umekuingia mpaka kwenye ulimi." Makuli wakacheka. Bazilio akaenda kuongea na dereva.

Josepha hakuwa na nguvu za kugombana. Aliowahi kuwaonya waziwazi walimwona mchawi wa bahati zao. Akaketi vizuri kwenye kigoda, akanyoosha mikono, akamwamkia binti kwa Kiha.

"Mwakeye, mwanangu."

Herieth akaweka viatu chini, akapiga magoti na kupiga makofi kama alivyofunzwa. Kwao mdogo hainuki mpaka mkubwa amalize. Na Josepha hakumaliza. Alimshika mikono, akaulizia mama, baba, shangazi, mtama, mbuzi aliyezaa. Lori likawashwa. Akaulizia mvua. Honi ikalia. Akarudi kwa shangazi.

"Bibi, unamsalimia au unamzika?" dereva akapiga kelele.

Bazilio akaja mbio. "Inuka, twende!"

"Mjomba, bado tunaamkiana."

"Nimesema inuka, mbwa we!" Akamvuta mkono, Josepha angali na neno mdomoni.

Herieth akamtazama Bazilio kama mtu asiyemjua. Ndiye huyu aliyemwamkia baba yake mpaka chai ikapoa? Akauchomoa mkono, akarudi magotini.

"Bibi yangu naye hajambo," alimwambia Josepha. "Ni miguu tu."

Lori likaanza kuondoka. Bazilio akatukana, akalikimbilia, akadandia. Juu ya magunia kichwa cha msichana mwingine kikachungulia, kisha kikarudi chini. Josepha alikiona. Hakuweza kufanya kitu.

Vumbi likatulia. Herieth akaanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko hofu.

"Sasa nitawaambia nini kwetu? Wamenichinjia kuku wa kuniaga."

"Waambie ulikuwa unasalimiana. Nipe mkono niinuke, mgongo umekufa."

Binti akamwinua, akaokota viatu vyake, akasimama hajui aende wapi. Josepha akamsogezea ndoo ya vikombe vichafu.

"Yule wa juu ya lori anaitwa nani?"

"Sijui, bibi. Tulimkuta Kasulu. Amekatazwa kushuka."

Josepha akakoroga uji uliokwisha kushika chini ya sufuria. Kumbe sasa wasichana hawashuki. Itabidi yeye awe anapanda malori kuwafuata, na kwa magoti haya.