Kadi za Kikapu kwenye Sanduku la Vitenge

Harufu ya naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kwenye nguo, hunikata hamu ya kula mpaka leo. Wengine huwakumbusha bibi zao. Mimi hunirudisha chumbani kwetu Turffontein, mtaa wa Johannesburg, mbele ya sanduku la bati la mama yangu, na kunitia aibu hata nikiwa peke yangu. Acheni niwasimulie ninyi, maana nyumbani jambo hili hatulizungumzi.

Sanduku lile lilitoka kwetu Bukavu, Kongo. Ndani yake mama alitunza vitenge vya waksi alivyopewa na wakwe zake siku ya mahari, havijavaliwa, havijafuliwa, kila kimoja na karatasi yake ya kiwandani bado imebandikwa pembeni. Kwetu wanawake wengi huweka akiba hivyo. Kitenge kikishaguswa na maji kimekuwa nguo tu, lakini ambacho hakijaguswa kinaweza kumsomesha mtoto. Vile vilikuwa vya sekondari yangu. Baba, aliyekuwa mlinzi wa maghala huko Midrand, alifariki nikiwa na miaka tisa, na mama alitulisha kwa cherehani. Zaidi ya sanduku hatukuwa na kitu cha kutegemea.

Mwaka 2016 vitenge bandia vilikuwa vimemwagika mjini. Jumapili kanisani ungeona ua lile lile mgongoni mwa wanawake sita. Mama aliwatazama akisikitika, akasema kitu kikishajaa kwa kila mtu bei yake imekwisha. Akaanza kuogopa kwamba hata vyake vya kweli vingeshuka, akawa anatafuta kitu kingine cha kuweka badala yake.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kichwa changu kilijaa mpira wa kikapu. Shuleni tulibadilishana kadi zenye picha za wachezaji, na kwenye kompyuta ya darasa nilikuwa nimesoma kwamba kadi moja ya zamani iliuzwa kwa bei ya nyumba. Nilimwimbia mama habari hiyo kila jioni mpaka siku moja akasimamisha mguu kwenye cherehani na kuniuliza kadi hizo zinapatikana wapi.

Zilipatikana Kensington, kwenye duka dogo la stempu na sarafu za kale. Mwenyewe, mzungu mzee mwenye sweta la kijani, alikuwa anafunga duka ili akaishi kwa binti yake pwani. Nyuma yake maboksi ya kadi, yaliyotengenezwa kabla sijazaliwa, yalipangwa hadi darini, yote yamefungwa kwa plastiki yake ya kwanza. Mama alichukua moja, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye mshono wa plastiki kama anavyokagua kitenge, kisha akalinusa. Msinicheke nikisema nilijivuna. Mama hakujua Kiingereza wakati ule. Tangu nianze shule mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake na sikio lake, kliniki, kwa mwenye nyumba, kwenye ofisi ya makaratasi ya wakimbizi, na nilijiona mtu mkubwa.

Mzee alivua miwani, akaniambia nimweleze mama yangu vizuri. Alisema miaka ile viwanda vilichapisha kadi kupita kiasi, na watu dunia nzima waliziweka bila kuzifungua wakingoja utajiri, kwa hiyo maboksi kama yale yamejaa kila mahali na hayana mtu wa kuyataka. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa nayo zaidi ya miaka ishirini. Kama ni ya mtoto kujifurahisha, sawa. Kama ni akiba, asinunue. Aliongea kwa muda mrefu na kwa upole, na nilimsikia mpaka neno la mwisho.

Mama akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema ni za zamani sana."

Haukuwa uongo, na kwa hilo nilijifariji usiku ule. Nilizitaka zile kadi, basi. Na nilijiambia kwamba mzee amechoka, kompyuta inajua zaidi yake. Lakini kati ya watu wote wa Johannesburg, mama yangu ndiye ambaye angeielewa hotuba ile bila kurudiwa mara mbili.

Vitenge vilikwenda kwa wafanyabiashara wa Rosettenville, na maboksi yakaingia sandukuni. Mama aliyawekea naftalini mpya. Akanikataza kufungua hata pakiti moja, maana kilichofunguliwa kimekwisha thamani. Kwa hiyo hata hizo kadi zilizonifanya nimfiche mama maneno sikuziona sura.

Miaka miwili baadaye, sekondari ilipokaribia, tulikwenda Midrand kwenye ukumbi walikokutana wakusanyaji wa kadi. Mama alivaa gauni la kanisani na kulizungushia taulo boksi moja. Kijana wa meza ya kwanza hakulishika hata kidogo. Aliinua kitambaa cha meza yake, akatuonyesha chini: boksi kama letu, rangi ile ile, limewekwa kuegemeza mguu mfupi wa meza. Alisema hivyo ndivyo yanavyofaa siku hizi. Akatuhurumia, akanipa pakiti moja ya bure.

Mama aliuliza anasema nini. Safari hii nilitafsiri kila neno. Alitazama pale chini, kisha akalirudisha boksi kwenye taulo, taratibu, kama mtoto mchanga.

Jioni alikaa kwenye cherehani bila kushona.

"Ule muzee wa Kensington alisemaka mingi," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Weye ukasema kidogo."

Nilitamani anichape. Nikamuuliza kwa nini alinunua, kama alitambua hivyo.

"Weye ndiye sikio yangu hapa, Neema. Ningekukatala weye, ningesikia na sikio ya nani?"

Nilikwenda sekondari ya karibu isiyo na karo wala uwanja wa kikapu, na kwa kweli shule haikunidhuru. Ila mwezi uliofuata mama alijiandikisha darasa la Kiingereza la Jumamosi kanisani, akakaa na wasichana wa nusu ya umri wake, akirudia sentensi huku anapiga pasi. Mara ya kwanza kwenda kliniki baada ya hapo, aliniambia nikae, akaenda dirishani peke yake. Mjinga mimi, nilifurahi. Nilidhani nimepumzishwa, nikacheza na simu.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siku ile aliacha kunihitaji, na kwamba aliamua hivyo kwa sababu yangu. Vitenge aliviomboleza wiki moja akamaliza. Mimi hakunililia hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Wiki iliyopita ilimfikia barua ya hospitali. Tulikuwa tumekaa kitanda kimoja, sanduku likiwa chini yetu na harufu yake. Aliisoma mwenyewe, midomo ikitembea polepole, mpaka chini, kisha akarudi juu akaanza tena. Nilimwuliza inasema nini. Akaikunja, akaitia mkobani, akaniuliza kama nimekula.