Kicheko Mbele ya Bucha

Kaltumi alizaliwa na kicheko kibaya. Siku maiti ya baba yake ilipotolewa ndani, alisimama mlangoni katikati ya wanawake waliokuwa wakilia, akacheka. Alikuwa bado msichana. Shangazi zake walimzaba makofi, wakasema ana shetani. Hakuna aliyemuuliza kitu. Angeulizwa, angesema kwamba hofu ikimjaa kifuani haina mlango mwingine wa kutokea.

Watu wao walikuwa wa mtaa wa Kansanga tangu zama za mababu waliokuja na misafara kutoka pwani. Hapohapo aliolewa na Uthman, mwenye bucha kando ya barabara ya Ggaba, mtu mpole ambaye hakuwahi kunoa kisu mbele ya mnyama. Alikinoa nyuma ya nyumba, akakificha ndani ya kanzu, akambembeleza ng'ombe mpaka dakika ya mwisho. "Kufa ni kumoja," alikuwa akisema. "Kwa nini nimuue mara mbili?"

Kisha ikaja miaka ya wanajeshi. Sukari ilipotea madukani, na watu nao wakaanza kupotea. Uthman akawa halali usingizi, hali, hasemi. Mtoto wao Umar, aliyekuwa ameanza kuota ndevu, akijibu neno moja tu, kofi lilikuwa limeshafika.

Ijumaa moja kabla ya swala, wanajeshi watatu walikuja buchani wakitaka maini. Maini yalikuwa yamekwisha. Mmoja alimpiga Uthman kitako cha bunduki mbavuni, akamwangusha kwenye kokoto, akachukua kichwa cha mbuzi juu ya meza, akamtia Uthman sikio la mbuzi huyo mdomoni.

"Tambaa! Wewe mbwa. Tambaa na nyama yako!"

Uthman alitambaa, magoti yakichanika, mbele ya wateja wake.

"Sasa bweka!"

Kichwa cha mbuzi kikadondoka. Uthman akabweka. Na Umar, aliyekuwa amesimama kando ya mizani, akacheka.

"Ona! Hata mtoto yake nacheka!" Wanajeshi walifurahi sana. Wakabeba paja zima la ng'ombe, wakaenda zao.

Nyumbani Uthman alifunga mlango, akashika kamba ya kufungia mafahali. Hakupiga kama baba. Alipiga kana kwamba wale watatu walikuwa bado wamesimama mbele yake.

"Baba yako anabweka, wewe unacheka! Unacheka!"

Kaltumi alimrukia mkono, kiwiko kikampasua mdomo. Alitaka kupiga kelele: ile ni hofu, baba Umar, ni hofu yangu mimi, amenirithi! Lakini alihisi kicheko chake mwenyewe kikimpanda kooni, akajiziba kinywa kwa kanga. Kamba ikaendelea.

Umar alipochoropoka, shati lilikuwa limegandamana na mgongo. Akiwa kichochoroni aligeuka, akapaza sauti majirani wote wakasikia: "Nitawaambia! Nitawaambia wakutie kwenye buti ya gari!"

Majirani wakafunga milango. Aliyetiwa na wanajeshi kwenye buti ya gari hakurudi, na siku zile neno moja la mtoto mwenye hasira lilitosha.

Kaltumi alimfuata mbiombio, damu ikimtoka mdomoni. Alimkuta mbele ya baa, katikati ya wale wale watatu. Walishaugeuza mgongo wake juani, wanaukagua.

"Nani alichapa wewe hivi? Baba yako? Ile mbwa?" aliuliza mmoja, karibu kwa upole. "Sema tu. Sisi tanyoosha yeye leo."

Kaltumi alisimama kando ya muuza makaa. Umar alimwona. Macho ya mama na mwana yalikutana, na pembe ya mdomo wa mtoto ikaanza kucheza. Kaltumi aliijua. Ya Rabi, asicheke.

Akacheka.

"Nilianguka, afande."

"Nacheka sisi?"

Chupa ilimkuta mdomoni. Akaanguka, buti la mwanajeshi likapanda juu ya mkono wake.

"Nani?"

"Nilianguka."

Buti likazunguka kama linazima sigara. Kaltumi alisikia vidole vikivunjika.

"Nani?"

"Nili... anguka."

Walimpiga mateke mpaka wakachoka, wakamsukumia mtaroni, wakarudi kwenye bia zao. Kaltumi alimtoa, akamkokota, naye akitema meno.

Walimkuta Uthman ameketi kizingitini, ameshaoga, amevaa kanzu safi. Alikuwa akilisubiri gari.

"Wanakuja?" aliuliza.

"Hawaji. Wamemvunja mkono ili akutaje. Hakukutaja." Kaltumi akamlaza mtoto mkekani. Safari hii hakujiziba kinywa. "Kile kicheko ni changu, baba Umar. Nilicheka hivyohivyo juu ya maiti ya baba yangu. Anaogopa. Mnyama unamfichia kisu. Mwanao unamwonyesha kamba!"

Uthman alipiga magoti, yale magoti yaliyochanika.

"Umar, mwanangu. Niwie radhi."

Radhi huombwa na mtoto kwa mzazi. Kinywa cha Umar kilichojaa damu kikatetemeka, kicheko kikaanza kumtoka. Mkono wa Uthman ukanyanyuka wenyewe, kwa mazoea. Ukasimama hewani. Kisha ukashuka kichwani mwa mtoto.

"Unaogopa?"

Umar akatikisa kichwa kukubali.

"Hata mimi," akasema Uthman. "Tangu asubuhi."

Vidole viwili viliunga vibaya, na Umar akajifunza kukata nyama kwa mkono wa kushoto. Wanajeshi walirudi buchani mara nyingi. Kila waliporudi, baba na mwana walifunga mlango jioni, wakaketi na Kaltumi, kila mmoja akasema alichokiogopa siku ile, ndipo wakala. Jirani yao Sabah alipokuja kulalamika kwamba binti yake amekuwa mkaidi hata yeye akamvunjia mwiko mgongoni, Kaltumi alimkaribisha mkekani, akammiminia chai ya mkandaa, isiyo na maziwa wala sukari.

"Mtoto tutamwita baadaye," alimwambia. "Kwanza nieleze, wewe nani amekutisha?"